Siasa Zikibadilika, Jina Lako la Intaneti Litasimama? Mwongozo Kamili kwa Wafanyabiashara wa Mombasa

Tarehe 1 Januari 2021, zaidi ya majina elfu 80 ya tovuti yanayoishia na .eu yalizimwa kwa pamoja. Wenyewe hawakuwa na deni, hawakuwa wamevunja sheria, wala hakuna aliyewaibia nywila. Kosa halikuwepo. Walikuwa wakazi wa Uingereza na kampuni za huko. Usiku wa kuamkia siku hiyo nchi yao ilikuwa imemaliza kipindi cha mpito cha kutoka Umoja wa Ulaya, na jina la .eu hupewa mtu au kampuni yenye uhusiano na Umoja huo. Uhusiano ulikatika, tovuti zikanyamaza na barua pepe zikaacha kuingia.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Mombasa kuliko wengi wanavyodhani. Mwenye nyumba za wageni Diani, mpeleka watalii wa Nyali, kampuni ya kutoa mizigo bandarini, fundi wa makasha ya Lamu anayeuza mpaka Hamburg: wateja wao wako Ulaya. Na mara nyingi jina la tovuti lilisajiliwa na shemeji aliye Birmingham au rafiki aliye Milano, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na kadi ya benki inayokubalika. Biashara iko huku, haki ya kutumia jina iko kule, na siasa za kule hazitungoji.

Mombasa tunaijua nyumba isiyo na ardhi. Kisauni, Majengo au Likoni mtu hujenga nyumba kwa jasho lake, lakini kiwanja ni cha mwingine na kodi ya ardhi hulipwa. Siku mwenye kiwanja akibadilisha masharti, au kiwanja kikihamia mikononi mwa mtu mwingine, nyumba haina ubaya wowote lakini mwenyewe yumo matatani. Tovuti ni nyumba. Jina la kikoa, yaani lile jina la tovuti na la barua pepe, ni kiwanja cha kukodi. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kujua unakaa juu ya ardhi ya nani, kwa haki gani, na ufanye nini kabla na baada ya mambo kubadilika.

Elewa kwanza nani mwenye neno la mwisho

Herufi mbili za mwisho wa jina, kama .ke au .tz (hapa nitaziita kiishio), hazikuchaguliwa na watu wa kompyuta. Zinatoka kwenye orodha ya kimataifa ya misimbo ya nchi, ISO 3166, inayotunzwa na shirika la viwango lenye makao Geneva. Jon Postel, Mmarekani aliyekuwa akigawa viishio hivi tangu mwanzo, aliandika mwaka 1994 kwamba ofisi yake haina kazi ya kuamua ipi ni nchi na ipi si nchi. Ingefuata orodha hiyo tu. Kanuni hiyo ingali hai. Leo ICANN, shirika la kimataifa la majina ya intaneti, husimamia mfumo mzima kupitia kitengo chake cha IANA, na kila kiishio cha nchi hukabidhiwa msimamizi wake. Cha Kenya kinasimamiwa na KeNIC, na .eu inasimamiwa na EURid ya Ubelgiji kwa niaba ya Tume ya Ulaya.

Kwa hiyo mabadiliko ya kisiasa yana milango mitatu ya kukufikia. Wa kwanza: kiishio kinabaki, ila wewe hustahiki tena. Hayo ndiyo yaliyowapata Waingereza. Wa pili: nchi inakufa au inagawanyika, na kiishio chenyewe kinafutwa. Wa tatu: serikali inaingia, au mkataba wa msimamizi unakwisha, na anayekuja anaweka sheria mpya. Kila mlango una dawa yake, na watu wengi hupoteza muda kwa kutumia dawa ya mlango mwingine.

Hatua ya kwanza: jua majina yako yako kwa nani

Kaa chini uandike kila jina la kikoa ambalo biashara yako inalitumia: la tovuti, la barua pepe, lile la zamani linaloelekeza kwenye jipya, na lile lililochapishwa kwenye vipeperushi vya hoteli na hakuna anayelikumbuka. Kwa kila jina, ingia kwenye huduma ya whois, yaani daftari la majina yaliyosajiliwa, ya msimamizi wa kiishio hicho. Kwa .ke iko kwenye tovuti ya KeNIC, kwa .eu iko kwa EURid. Utaona wakala aliyesajili, tarehe ya kuisha muda, na pengine jina la mwenyewe. Kwa watu binafsi taarifa nyingi hufichwa siku hizi, hivyo muulize wakala akutumie kwa maandishi jina la mwenye kikoa kama lilivyo kwenye rekodi.

Hapo ndipo utakapokuta mambo. Kijana aliyekutengenezea tovuti mwaka wa kwanza wa biashara alisajili jina kwa jina lake mwenyewe, barua pepe yake mwenyewe, na sasa yuko Doha. Au kampuni ya matangazo ndiyo mwenyewe, wewe ni mteja tu. Wengi hawakuwa na nia mbaya, ilikuwa haraka. Lakini machoni pa msimamizi, anayestahiki au asiyestahiki ni yule aliyeandikwa. Kama aliyeandikwa ni mkazi wa London, haisaidii kitu kwamba wewe una pasipoti ya Italia.

Rekebisha hili kabla ya jingine lolote. Mwenye kikoa awe ni wewe au kampuni yako kwa jina kamili lililo kwenye cheti cha usajili. Barua pepe ya mawasiliano isiwe ya kikoa hicho hicho, kwa sababu jina likizimwa, tangazo la kukueleza namna ya kuliokoa litatumwa kwenye sanduku ambalo limekufa nalo.

Hatua ya pili: soma sharti la kila kiishio

Viishio vingi unavyovijua havina sharti la uraia wala makao. Jina la .com au .org huchukuliwa na yeyote. Jina la .africa pia, lilifunguliwa kwa umma mwaka 2017 na linasimamiwa kutoka Afrika Kusini, lakini hata mtu wa Tokyo anaweza kulisajili. Kwa hiyo .africa ni jina la bara bila mlango wa uraia, na kwa biashara ya Mombasa inayouza nje naliona chaguo zuri la pili.

Nyumbani, .co.ke ni ya biashara na iko wazi, .or.ke ni ya mashirika, na tangu 2017 unaweza kusajili moja kwa moja chini ya .ke bila kitu katikati. Yaliyofungwa ni ya serikali, .go.ke, na ya elimu: .ac.ke kwa vyuo, .sc.ke kwa shule. Hayo hudai barua na vyeti. Ukiwa na madrasa au shule binafsi Bamburi na umesajiliwa na Wizara ya Elimu, weka nakala ya cheti hicho pamoja na karatasi za kikoa. Usajili wa shule ukifutwa, msingi wa jina nao umeondoka.

Ng'ambo ndiko kwenye masharti mazito. Jina la .us hudai uwe raia au mkazi wa kudumu wa Marekani, shirika la huko, au uwe na shughuli za kweli huko. Jina la .ca hudai uhusiano na Kanada. Jina la .fr limefungwa kwa walio ndani ya Umoja wa Ulaya pamoja na Uswisi, Norwei, Aislandi na Liechtenstein. Kuna pia viishio vya maeneo yasiyo nchi: .cat ni ya lugha na utamaduni wa Kikatalani, na anayesajili hutakiwa kuwa na uhusiano nao. Hata hicho siasa zilikifikia. Septemba 2017, siku chache kabla ya kura ya kujitenga kwa Katalonia, polisi wa Uhispania waliingia ofisi za msimamizi wa .cat wakitafuta tovuti zilizotangaza kura ile.

Sasa .eu, ambayo ndiyo inayotugusa zaidi. Wanaostahiki ni hawa: raia wa nchi mwanachama wa Umoja wa Ulaya, popote duniani anapoishi; mtu asiye raia lakini anayeishi ndani ya nchi mwanachama; na kampuni au shirika lenye makao ndani ya Umoja. Aislandi, Liechtenstein na Norwei nazo zimo. Uswisi haimo, kwa hiyo ndugu yako wa Zurich asiye na pasipoti ya Umoja hawezi kukusaidia. Lile la raia popote anapoishi halikuwepo tangu mwanzo. Lilianza tarehe 19 Oktoba 2019. Mtaliano wa Malindi ambaye mwaka 2015 asingepata .eu kwa anwani ya Malindi, leo anaipata kwa uraia wake.

Hatua ya tatu: andika haki yako inasimama juu ya nini

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, nayo haichukui zaidi ya karatasi moja. Kwa kila jina lenye sharti, andika sentensi moja: "Jina hili ni letu kwa sababu..." Kisha angalia sababu ni ya aina gani.

Uraia ni imara kuliko vyote, kwa kuwa mtu huhama nao. Ukazi ni dhaifu. Tuseme dada wa familia ya Tudor ameolewa Hamburg, ana pasipoti ya Kenya peke yake, na amesajili .eu ya duka la familia la vikoi. Anastahiki kwa kuwa anaishi Ujerumani. Siku akirudi kuishi Mombasa, haki inakwisha hata kama hakuna kura iliyopigwa popote. Akichukua uraia wa Ujerumani, haki inarudi na kubaki. Na hapa siasa zimefungua mlango badala ya kuufunga: Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia pacha, na tangu tarehe 27 Juni 2024 Ujerumani nayo inamruhusu mtu kubaki na uraia wake wa awali. Zamani dada huyo angelazimika kuchagua.

Makao ya kampuni yako katikati. Kampuni haihami kirahisi, lakini nchi yake yaweza kuhama kisiasa, na hilo ndilo lililotokea Uingereza. Mtu mwenye pasipoti ya Ayalandi aliyeishi Manchester aliokoka. Kampuni yake iliyosajiliwa Manchester haikuokoka. Waliojua tofauti hiyo mapema walibadilisha jina la mwenye kikoa kutoka kampuni kwenda kwa mtu, wakaweka nchi ya uraia wake kwenye rekodi, na tovuti haikuzimika hata saa moja.

Neno kuhusu njia za mkato. Utakutana na huduma zinazouza anwani ya Ulaya ili upate .eu au kiishio kingine kilichofungwa. Kisheria, mwenye jina ni ile kampuni inayokuazima anwani. Ukigombana nayo au ikifungwa, huna pa kushika. Usiandike pia anwani ya uongo wewe mwenyewe. EURid huhakiki taarifa na huweza kudai kitambulisho au cheti cha kampuni, na ukishindwa kuthibitisha jina hufutwa. Kama ni lazima mtu mwingine awe mwenye jina kwa niaba ya biashara, awe ndugu au mshirika halisi anayestahiki, na muwe na mkataba ulioandikwa na wakili unaosema wazi jina ni la matumizi ya nani na litahamishwaje akifariki au mkiachana. Najua sisi tunaona aibu kumwandikisha shemeji mkataba. Mwandikishe. Ni heshima kwake pia, maana siku mambo yakiharibika hakuna atakayemtuhumu.

Hatua ya nne: pima umri wa kiishio chenyewe

Kustahiki hakusaidii ikiwa kiishio chenyewe kinaondoka. Historia ina mifano ya kutosha, na inafaa kuipitia polepole kwa sababu inaonyesha muda unaokuwa nao.

Chekoslovakia iligawanyika Januari 1993, na .cs ikaondolewa miaka miwili baadaye. Zaire ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 1997; .zr ikapisha .cd na kufutwa mwaka 2001. Serbia na Montenegro ziliachana mwaka 2006, majina ya .rs yakaanza kusajiliwa Machi 2008, na .yu ya Yugoslavia ya zamani ikazimwa Machi 2010. Antili za Uholanzi zilivunjwa tarehe 10 Oktoba 2010, Curaçao ikapata .cw na Sint Maarten .sx, na .an ikaondoka mwaka 2015. Timori ya Mashariki ilihama kutoka .tp kwenda .tl, na .tp nayo ikafutwa 2015 baada ya miaka kama kumi ya viishio viwili kuishi pamoja. Katika hali zote hizi waliofanya haraka walipata jina lile lile chini ya kiishio kipya. Waliolala walikuta limechukuliwa, au walikuta barua za wateja zinarudi.

Si kila badiliko la jina la nchi huleta balaa. Swaziland ilipojiita Eswatini mwaka 2018, .sz ilibaki. Masedonia ilipoongeza neno Kaskazini mwaka 2019, .mk ilibaki. Ya Muungano wa Kisovieti ni ya ajabu: .su ilitolewa Septemba 1990, nchi ikavunjika Desemba 1991, na majina ya .su yameendelea kusajiliwa miongo mitatu na zaidi. Usiichukue kama kanuni. Mambo yalikuwa hayajapangwa wakati ule.

Sasa yamepangwa. Mwaka 2022 bodi ya ICANN ilipitisha sera ya kustaafisha viishio vya nchi: msimbo ukiondolewa kwenye orodha ya ISO, msimamizi hupewa taarifa na kiishio huondolewa baada ya miaka 5, nayo yaweza kuongezwa mpaka jumla ya miaka 10. Hii ndiyo namba ya kukumbuka unaposikia habari za .io. Kiishio hicho, kinachopendwa sana na kampuni changa za teknolojia pamoja na za kwetu, ni cha Eneo la Uingereza la Bahari ya Hindi, yaani visiwa vya Chagos. Oktoba 2024 Uingereza na Morisi zilitangaza makubaliano ya kuvirudisha visiwa kwa Morisi, na Mei 2025 mkataba ukatiwa saini. Watu wakaanza kupiga kelele kwamba .io imekufa. Kutia saini hakuui kiishio. Kinachoangaliwa ni kama ISO itauondoa msimbo IO kwenye orodha, na hata ikiondoa kuna miaka. Mwenye .io asihame leo kwa hofu, lakini asichapishe pia mabango ya miaka kumi ijayo kwa jina hilo peke yake.

Karibu na hapa, Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011 na msimbo SS ukatoka mwaka huo huo, lakini .ss ilichukua mpaka 2019 kuwekwa kwenye mfumo. Miaka minane wafanyabiashara wa Juba, wengi wanaopitisha mizigo kwenye bandari yetu ya Kilindini, walikaa bila kiishio cha nchi yao. Somaliland ilijitangaza mwaka 1991 na haina msimbo wake mpaka leo. Kiishio hufuata orodha, na orodha haifuati matamko. Wanaouliza kama Shirikisho la Afrika Mashariki likiundwa .ke itafutwa, jibu liko hapo hapo: mpaka msimbo KE uondolewe kwenye orodha hakuna kinachoguswa. Jumuiya yenyewe inatumia eac.int, kiishio cha taasisi zilizoundwa kwa mikataba baina ya serikali.

Mlango wa tatu hautoi muda mrefu namna hiyo. Mwaka 2010 mamlaka ya Libya ilizima huduma ya kufupisha viungo ya vb.ly kwa hoja kwamba maudhui hayaendani na sheria za nchi. Februari 2024 wizara iliyo chini ya Taliban ilizima jina la .af, kiishio cha Afghanistan, la jumuiya moja ya mtandao wa kijamii wa Mastodon.  Mwaka 2023 Gabon ilichukua tena .ga kutoka kwa kampuni ya nje iliyokuwa ikigawa majina bure, na mamilioni ya majina yakafutwa. Mwaka huo huo Mali nayo ikaichukua .ml. Vijana wengi wa Afrika Mashariki walikuwa wameanzia kwenye majina hayo ya bure, na kwa biashara sasa nasema waziwazi: jina la bure chini ya kiishio cha nchi usiyo na uhusiano nayo usiliweke hata kwenye kadi ya mkononi.

Hatua ya tano: chagua jina la nguzo

Kila biashara iwe na jina moja la nguzo, lile linalobeba barua pepe na linaloandikwa kwenye risiti. Kwa biashara iliyosajiliwa Kenya, ushauri wangu ni .co.ke au .ke, kwa sababu haki yako hapo haitegemei kura ya watu wengine, na ukiwa na lalamiko kuna ofisi nchini unayoweza kuiendea. Ongeza .com au .africa kama lipo. Jina la .eu, .fr au .io liwe ni tawi la kumvutia mteja wa kule, likielekeza kwenye nguzo. Likikatika, utapoteza baadhi ya wageni wa tovuti. Hutapoteza barua za benki.

Hatua ya sita: kuhama bila kupoteza wateja

Hapa watu hukosea mpangilio, kwa hiyo nenda nami taratibu. Sajili jina jipya na ulipie miaka miwili au zaidi. Fungua masanduku ya barua pepe kwenye jina jipya kabla ya kugusa tovuti. Nakili barua zote za zamani, kwa sababu jina likizimwa hutaweza kuingia kwa njia ya kawaida. Weka barua zinazokuja kwenye anwani ya zamani zitumwe zenyewe kwenye mpya, na kuanzia siku hiyo jibu kila mtu kwa kutumia mpya.

Kisha weka tovuti kwenye jina jipya, na jina la zamani liwe na uelekezaji wa kudumu, ule wa namba 301, ukurasa kwa ukurasa. Usielekeze kila kitu kwenye ukurasa wa mbele. Mtalii aliyehifadhi kiungo cha safari ya Tsavo anataka afike Tsavo. Waarifu Google kupitia Search Console, huduma yao kwa wenye tovuti. Badilisha anwani kwenye ramani, kwenye tovuti za kuhifadhi vyumba, kwenye mitandao ya kijamii.

Inayofuata ni kazi ya kuchosha na ndiyo yenye hatari kubwa. Orodhesha kila akaunti iliyofunguliwa kwa barua pepe ya zamani: iTax ya KRA, eCitizen, benki, akaunti ya M-Pesa ya biashara, mashirika ya meli, bima, wakala wa tiketi, na akaunti ya wakala wa kikoa chenyewe. Badilisha moja moja huku jina la zamani lingali hai, kwa kuwa nyingi hutuma msimbo wa uthibitisho kwenye anwani ya zamani kabla ya kukubali mpya. Ukichelewa, umejifungia nje.

Na jina la zamani usiliachie mapema. Majina ya .eu yaliyonyang'anywa Waingereza yalianza kurudishwa sokoni tarehe 3 Januari 2022, na yeyote anayestahiki aliweza kuyachukua. Anayechukua jina lako la zamani anaweza kufungua sanduku la barua lenye anwani yako, akaomba nywila mpya za akaunti zako, au akamtumia mteja ankara yenye namba nyingine ya benki. Ikiwa sheria inakuruhusu kulishikilia, endelea kulilipia hata kama halina kazi. Ikiwa haikuruhusu, hakikisha hakuna akaunti hata moja iliyobaki imefungwa kwenye anwani hiyo, na wateja wote wamearifiwa kwa maandishi na kwa simu.

Hatua ya saba: likishazimwa tayari

Usikimbilie kusajili jingine kabla ya kujua jina liko katika hali gani. Kwa .eu ya Waingereza kulikuwa na ngazi tatu. Kuanzia 1 Januari 2021 jina lilisimamishwa: halifanyi kazi, ila mwenyewe angeweza kurekebisha taarifa na kulifufua mpaka 31 Machi. Baada ya hapo likaondolewa kwenye huduma lakini likawekwa kando mpaka mwisho wa mwaka, na aliyethibitisha kustahiki aliweza bado kulirudisha. Mwaka 2022 ulipoanza, likafutwa. Wasimamizi wengi wana ngazi za namna hii, kwa hiyo swali la kwanza kwa wakala ni: jina limesimamishwa au limefutwa, na tarehe ya mwisho ni ipi?

Likiwa limesimamishwa, tafuta haki nyingine. Yupo mkurugenzi mwenye uraia unaohitajika? Yupo mshirika mwenye kampuni ndani ya Umoja? Rekebisha rekodi kupitia wakala, ambatanisha ushahidi, na udai jibu la maandishi. Wakati huo huo tumia namba ya WhatsApp ya biashara na jina la nguzo kuwaambia wateja njia mpya.

Hatua ya nane: weka macho kwenye kalenda

Mabadiliko makubwa hutangazwa mapema. Waingereza walipiga kura tarehe 23 Juni 2016; Tume ya Ulaya ilitoa tangazo kuhusu majina ya .eu Machi 2018. Uzimaji ulikuja 2021. Kulikuwa na zaidi ya miaka minne ya kujipanga, na bado maelfu walishtukizwa. Weka siku moja kila mwaka, labda ile ya kulipia leseni ya biashara ya kaunti, ya kukagua orodha ya hatua ya kwanza: mwenye jina ni nani, anaishi wapi sasa, pasipoti yake ni ya wapi, kampuni ingali hai. Ongeza swali moja: nchi ya kiishio hiki ina kura ya kujitenga, mkataba wa ardhi, au sheria mpya ya mitandao inayojadiliwa?

Mzozo ukitokea juu ya jina la .ke, anza na wakala, kisha KeNIC ambayo ina utaratibu wake wa kusuluhisha, na juu yake iko Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kwa .eu, migogoro hupelekwa Mahakama ya Usuluhishi ya Cheki iliyo Prague, au WIPO ya Geneva, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, na huendeshwa kwa mtandao bila kusafiri. Utakachoulizwa huko ni karatasi: cheti cha usajili, risiti za malipo, barua za wakala, na ushahidi wa tangu lini umetumia jina. Ziweke pamoja kwenye faili moja, nakala moja ofisini na nyingine kwa mtu wa familia anayejua nywila ziko wapi.